Sura ya Tisa: Matundu Sita ya Michestinati

Mti unaokufa kwa donda la gome hauagi. Miti mingine ikifa hupukutisha majani kwanza, ikajitangazia msiba wake yenyewe. Mchestinati, mti wa njugu za miiba, ukiugua huyang'ang'ania majani yake, yakakauka yananing'inia, ya kahawia, kama nguo zilizosahauliwa kambani. Mwanabaraka alianza kuhesabu akiwa bado langoni, kabla hajajiandikisha mapokezi. Mti wa pili. Wa nne. Wa tano. Wa tisa. Wa kumi na moja. Wa kumi na tatu.

Sita kati ya kumi na minne.

"Mmenichosha," aliiambia miti, akainama kuvaa viatu vya mpira.

Alikuwa mkaguzi wa afya ya mimea, mzaliwa wa Lamu, mwaka wa ishirini na tano London na wa kumi na tisa katika kazi hii, na msimu huo peke yake alikuwa amesimamia mioto kumi na mmoja. Sheria ya donda la gome ni fupi: mti ukithibitishwa, unakatwa, unapasuliwa, unachomwa papo hapo, na mwenye mti anatia saini huku moshi ukimwingia machoni. Magoti yalimuuma. Mvua ya Thornton Heath ilikuwa ile isiyonyesha wala isiyoacha.

Miti yenyewe ilisimama mstari mmoja nyuma ya jumba kuukuu lililogeuzwa nyumba ya wazee. Mwezi wa nne Mwanabaraka alikuja hapa mwenyewe. Aliikagua mmoja mmoja, akapima umri wa ile minene, akatia saini: mizima. Kwa hiyo ugonjwa ulikuja baada yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi ya kwanza ya jalada, na hakuna aliyeitilia shaka.

Simu ililia. Lila, mkuu wake, alikuwa ofisini Croydon.

"Maabara wamejibu. Kuvu ya hapo na ile ya Hayes ni mtu na nduguye. Ukoo mmoja."

Mwanabaraka aliikumbuka Hayes vizuri kuliko alivyopenda. Bustani ya miche karibu na uwanja wa ndege, michestinati minane mikubwa ndani ya vyungu, iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Mwezi wa tano ilikutwa na donda, ikachomwa yote.

"Sasa sikiza," Lila aliendelea. Alikulia Nairobi na alizungumza kama mtu anayewahi basi. "Huyo mtunza bustani mpya, Philippe. Unajua alikuwa anafanya kazi wapi kabla ya hapo? Hayes. Kwenye ghala, hatua mia mbili kutoka kwa ile bustani. Amekuja hapo, miti imeugua. Halafu ameifunga matope na mashuka, kuficha. Mwana, hii imeisha. Nataka jina kabla ya saa kumi."

"Jina litakwenda wapi?"

"Kwa wanasheria. Kuficha ugonjwa ambao sheria inaamuru uripotiwe ni kosa, wewe ndiye ulinifundisha."

"Nasikia anangojea karatasi za ukaazi."

"Nani Croydon hangojei karatasi? Saa kumi, Mwana."

Ilikuwa saa saba na robo.

*

Kibanda cha zana kilinuka mafuta ya taa na udongo mbichi. Philippe alisimama mara alipomwona anaingia. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, amevaa sweta ya wafanyakazi wa nyumba ile iliyomkomea juu ya vifundo vya mikono.

"Karibu, mama. Kiti iko kimoja tu. Ikala."

"Kaa wewe, ndugu yangu. Mimi nikikaa sitainuka."

Hakukaa. Wakabaki wamesimama wote wawili, kiti katikati yao.

"Ulianza kazi hapa lini?"

"Tarehe mbili, mwezi wa saba. Bwana Ravinder iko na barua."

"Kabla yake?"

"Hayes. Nilikuwa nabebaka masanduku mu ghala."

"Uliwahi kuingia kwenye bustani ya miche ya jirani?"

"Mara moja. Mwezi wa tano, kuomba kazi. Banasema hakuna kazi, toka. Nilisimama ku senyenge, nikaona banachoma miti." Alitikisa kichwa. "Ile moshi naijua, mama. Mtu hachomi miti mizima na kanzu nyeupe na kofia."

"Ulitoka na nini pale? Kijiti? Tawi? Mbegu?"

"Nilitoka na njaa."

Mwanabaraka aliandika. "Nionyeshe unachokatia."

Philippe alilishusha panga kutoka kwenye msumari ukutani. Makali yake hayakuwa na rangi ya chuma. Yalikuwa ya zambarau na buluu, yakimeta kama petroli juu ya lami yenye maji.

"Nani ameliunguza hili?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Aliligeuza mkononi, akalitazama kama linavyotazamwa jina la mtu kwenye barua ya zamani.

"Kwetu Kongo, Rutshuru, kulikuwa mnyauko wa migomba. Ukikata mgomba mgonjwa, ukapita kwa mzima na panga ileile, umeua. Shamba ya baba yangu iliisha hivyo. Panga moja, siku moja, migomba mia mbili. Unataka kujua nani alikuwa anakata? Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najionyesha mwanaume wa kazi, sipumziki hata kunywa maji. Baba hakunipiga. Alikaa tu chini." Alionyesha jiko dogo la gesi juu ya meza. "Toka siku ile, nikitoka mti huu kuenda ule, napitisha panga mu moto. Hata kama mti iko mzima. Bwana Ravinder anachekaka, anasema Filipo anapika chuma."

"Na matope?"

"Matope ni dawa."

"Nani alikuambia?"

"Mti. Mama, angalia vizuri. Juu inaoza, chini mzizi iko mzima, inatoa machipukizi. Kama ugonjwa inaogopa udongo, mimi nikasema, nipandishe udongo juu. Nilichota hapo hapo chini ya mti, nikapaka ku donda, nikafunga na mashuka iliyotupwa. Kila juma nabadilisha."

Mwanabaraka aliacha kuandika. Jambo hilo lilikuwa kwenye vitabu vyake, kurasa za mwisho, pamoja na lile la virusi vinavyopandikizwa kwenye donda ili kuvu yenyewe iugue na kukosa nguvu. Vijidudu vya udongo huila kuvu ile. Kazi ya kubandua na kubandika, ya miezi na miezi, ambayo hakuna ofisi inayoweza kuilipia mshahara. Yeye hakuwahi kuona mtu akiifanya.

"Ungetupigia simu."

"Nikipiga simu, munakuja na moto."

"Tunakuja na moto."

"Basi," alisema Philippe.

Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi. Philippe aliitazama.

"Unaandika jina yangu, mama?"

"Naandika ulichosema."

"Nina siku yangu ya karatasi Croydon, Jumatatu. Miaka kumi na moja nangojea. Avoka, wakili wangu, aliniambia: Philippe, hata kuvuka barabara kwa taa nyekundu, usivuke." Alilirudisha panga kwenye msumari, polepole, lisigonge. "Nikavuka nini, mimi?"

Mwanabaraka alifungua mkoba. Ilimbidi ajue kama mti wa nne ulikuwa umeoza hadi ndani, na kwa hilo alikuwa na kekee ya mkono, bomba jembamba la chuma lenye meno ya skrubu, linalozungushwa mpaka kiini cha mti na kutoka na kijiti cha mbao unene wa mrija. Aliipulizia spiriti mara mbili, akaipangusa, akaipulizia tena. Kisha akatoa kitambaa kilichoviringishwa, na ndani yake donge la nta ya nyuki, la rangi ya chai ya maziwa. Mama yake alimtumia nta ya Witu kila mwaka. Aliisugua kwenye meno ya kekee mpaka yakang'aa, kama alivyofanya kabla ya kila mti kwa miaka kumi na tisa. Bila nta, chuma hukwama ndani ya mti na kulia kama paka.

Philippe alikuwa akimfuatilia mikono.

"Ile spiriti ni moto yako," alisema.

"Ndiyo. Ndio moto wetu."

"Na nta, unaichomaka?"

"Nta haikati mti."

"Aa," alisema Philippe.

*

Shuka la mti wa nne lilikuwa na maua ya buluu na nembo ya wafuaji. Mwanabaraka alilifungua, akabandua matope kwa kijiko cha mbao. Donda lilikuwa refu kama mkono wake, limebonyea, limepasuka katikati. Alitazamia kuona ukingo umeliwa. Badala yake aliona gome jipya, nene, lililojikunja kuelekea ndani kama mdomo unaofumba. Alilipima. Akalipima tena upande wa pili. Mti ule ulikuwa unapigana, na kwa sentimita mbili ulikuwa unashinda.

Katikati ya ufa kulikuwa na wekundu.

Kuvu ya donda hujitangaza kwa rangi: chunusi za machungwa, ndogo kama punje za mtama, zinazochomoza kwenye gome. Alichukua kichupa cha sampuli, akasogeza lenzi. Hazikuwa chunusi. Ulikuwa unga. Alipousugua kwa ncha ya glavu ulichora mstari mwekundu, wa damu ya mzee, wala si wa machungwa. Chini ya unga palikuwa na tundu. Aliingiza njiti ya kiberiti ikazama yote, imenyooka.

Donda halitoboi mti kwa mstari ulionyooka.

Aliirudisha kekee mkobani bila kuitumia, akaenda mti wa tano, akafungua shuka. Tundu, na unga mwekundu ndani yake. Wa tisa, hivyo hivyo, na ile mitatu mingine. Na kuzunguka kila shina, juu kidogo ya donda, palikuwa na uzi mwembamba wa pamba uliopauka kwa mvua, mizunguko saba. Ule wa kwanza hakuujali, aliudhani utandu wa buibui. Sasa aliona. Mtu alikuwa ameitia miti alama, sita kamili, ile ile iliyougua.

Kioo cha dirisha kiligongwa kwa pete.

"Wewe!" Mwanamke mzee mwenye sari ya kijani na koti la sufu juu yake alikuwa amesukuma dirisha la chini likafunguka. "Unavua mti wangu nguo katika baridi hii, huoni haya?"

"Mti wako, mama?"

"Wa nani basi? Nimeufunga uzi kwa mkono wangu."

Aliitwa Bharti, wa Kisumu. Hakuwa mkazi wa nyumba ile. Mumewe ndiye aliyelala kitandani nyuma yake, mpira puani, macho darini, na yeye alikuja kila siku kwa basi kumlisha. Mwanabaraka alisogea chini ya dirisha na mvua ikamfuata.

"Niambie habari ya uzi."

"Mwezi wa sita, mwezi ukiwa mpevu, mke anafunga kula. Anazunguka mti mara saba na uzi, anaomba mume aishi. Kisumu tulikuwa na mti wake kabisa, ule mkubwa wenye mizizi ya kuning'inia. Hapa tuna nini? Tuna huu wa njugu za miiba. Bhagwan, Mungu wetu, anaelewa. Na yeye amehamia."

"Ulizunguka mti mmoja?"

"Nilitaka mmoja. Nikaenda ule mnene." Alinyoosha kidole kwenye mti wa nne. "Nikaona tundu. Lilikuwa linatoa machozi, meusi, mpaka chini. Nikasema, maskini, na huyu wamemtoboa kama mzee wangu. Nikampaka kumkum, ule unga wetu mwekundu wa sala, pale penye kidonda. Halafu nikasema, kama huyu ameumizwa, labda na wengine. Nikatafuta. Nikapata watano zaidi. Nikawapaka, nikawazungusha wote. Niliingia ndani kizunguzungu, nesi alitaka kunilaza kitanda cha pili."

"Una hakika ulikuwa mwezi wa sita? Isije ikawa wa nane."

Bharti alimtazama kwa huruma.

"Jina lako umeniambia sasa hivi na nimeshalisahau, usichukie. Lakini siku ile nimefunga mwaka wa hamsini na mbili huu. Naweza kukosea?"

"Tundu lilikuwa na ukubwa gani?"

Bharti aligeuka, akachukua kikombe cha maji ya mumewe mezani, akachomoa mrija na kuuonyesha nje ya dirisha. "Hivi."

"Na Philippe? Alikuwapo siku hiyo?"

"Filipo bado. Filipo alikuja mwezi wa saba, tulipohamishwa chumba hiki. Yeye ndiye aliniuliza mimi: mama, nani ametoboa hii miti? Nikamwambia, kijana, mimi najua? Mimi najua kufunga uzi." Aliurudisha mrija ndani ya kikombe. "Mwacheni yule. Ndiye mtu peke yake hapa anagusa kitu kabla ya kukitupa."

Mwanabaraka aliutazama uzi wa mti wa nne. Aliandika: matundu yalikuwapo mwezi wa sita. Philippe aliingia mwezi wa saba. Akapiga mstari chini ya maneno hayo, na mvua ikaufuta mstari nusu.

*

Ravinder, mwenye nyumba, alikuwa mzaliwa wa Nakuru, kilemba cha rangi ya kunde, tumbo lililotangulia. Alimsukumia sahani ya bajia hata kabla hajasalimiwa.

"Kula, dada. Mtu anayekuja kunichomea miti asiichome na njaa."

"Miti ile ikichomwa, wewe unapata nini?"

"Napata kiwanja cha majivu."

"Uliomba ruhusa ya kujenga vyumba kumi na viwili."

"Wee!" Ravinder alicheka, akavuta droo, akamtandikia ramani mezani juu ya bajia. "Soma. Upande gani? Wa magari. Mbele. Dada, unajua mimi nauza nini hapa? Hawa watoto wakimleta mzazi wao, wanajisikia wezi. Nawaonyesha nini? Ngazi? Choo? Nawapeleka dirishani nawaonyesha michestinati. Wanalia kidogo, wanasaini. Mwezi wa nne mimi ndiye niliwaita mje kuipima, niandikiwe ni ya miaka mingapi, niweke kwenye tangazo."

Ramani ilikuwa kweli. Mihuri ilikuwa kweli. Mwanabaraka aliikunja.

"Kati ya mwezi wa nne na wa sita, nani alikuwa anatunza bustani?"

"Hakuna mtu. Mzee wa zamani alistaafu mwezi wa tatu. Nyasi zilifika hapa." Aligusa goti. "Mbweha walizaa humo."

"Lakini mtu aliingia. Akiwa na chombo cha kutoboa."

"Basi ameandika." Ravinder alishusha kitabu kizito cha wageni kutoka rafuni. "Jina, saa, unatoka wapi, unakwenda wapi. Tangu ule ugonjwa wa kifua uniulie wazee tisa, hapa hata askofu anaandika anatoka wapi. Watu wanasema Ravinder ni msumbufu. Sawa. Ugonjwa haupandi basi peke yake."

Mwanabaraka alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, kama anavyosoma kila kitu. Kinyozi. Mtu wa kunyoosha viungo. Padri. Fundi umeme, chumba cha boila. Mabinti, wakwe, mabinti. Mwanamke wa kukata kucha. Safu ya mwisho, *unakwenda wapi*, ilisema chumba, chumba, jikoni, chumba. Mwezi wa tano wote, chumba. Mwezi wa sita, mpaka mwezi mpevu, chumba.

Alirudi nyuma kwenye mwezi wa nne.

Safu ya mwisho ilisema *bustani* mara moja tu. Mwandiko uliegemea kulia, wenye haraka. Saa nane na dakika arubaini mchana. *Unatoka wapi: Hayes.*

Ravinder aliinama juu ya bega lake.

"Lakini huyu si ni wewe?" Alipiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka bajia zikaruka. "Dada, umejikamata!"

Mwanabaraka alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Mwandiko ulikuwa bado unaegemea kulia. Alikuwa ametoboa mamia ya miti mwaka huo, na matundu haya hakuyatambua kuwa yake.

"Naomba kupiga picha ukurasa huu," alisema.

*

Alitembea hadi kibandani bila kufunika kichwa. Njiani alimwandikia karani wa majalada, akaomba fomu yake ya mwezi wa nne. Ilifika kabla hajagusa mlango. *Miti iliyotobolewa kupimwa umri: 2, 4, 5, 9, 11, 13.* Chini yake, swali la mwisho la fomu: *Je, kekee ilisafishwa kabla ya kila mti?* Kisanduku kilikuwa kimetiwa tiki. Tiki ilikuwa ya kweli. Alikumbuka spiriti ilivyomchoma kwenye mkwaruzo wa kidole. Asubuhi ile alitoboa michestinati minane ya vyungu kule Hayes, ikiwa bado haijaonyesha dalili hata moja. Mchana alikuja hapa. Kekee aliisafisha kila mara, na kila mara, ikiwa safi kama ya hospitali, aliipaka nta.

Philippe alikuwa anakata mashuka vipande. Alimwona uso, akaweka makasi chini.

Mwanabaraka alitoa donge la nta, akaliweka juu ya karatasi nyeupe mezani, akalipasua kwa kijembe kipya. Alisogeza lenzi. Kuvu haionekani kwa lenzi ya mfukoni, hiyo ni kazi ya maabara. Vumbi la mbao linaonekana. Lilikuwa humo, mikwaruzo ya kahawia juu ya mikwaruzo ya njano, tabaka juu ya tabaka, kila safari alipotoa kekee ndani ya mti na kuisugua tena kwenye donge lilelile. Vipande vingine vilikuwa na gome bado. Nta ilikuwa imevitunza kama asali inavyotunza nyuki aliyezama.

"Mama umechoka," Philippe alisema. "Ikala."

Akakaa. Kiti kililia.

Alipiga simu saa kumi kasoro dakika kumi.

"Nimempata," alisema.

"Asante Mungu," Lila alisema. Vitufe vya kompyuta vilisikika. "Nimefungua fomu. Philippe nani? Nitajie herufi."

"Si Philippe. Matundu yalikuwapo mwezi wa sita, nina shahidi, na nina unga alioutia ndani ya matundu siku hiyo. Philippe mwandike shahidi. Mwandike pia kwamba donda la mti wa nne limefumba sentimita mbili kwa matope yake, nimelipima mara mbili. Huo mti usiguswe, ufuatiliwe. Mingine ikikatwa, visiki vibaki ardhini. Mzizi wake hauugui, utachipua."

"Mwana, jina."

"Andika Mwanabaraka."

Vitufe vilinyamaza.

"Usinichezee. Nina wakubwa kwenye simu nyingine."

"Nta yangu, Lila. Nta ya kekee. Ilitoka Hayes asubuhi, ikafika hapa saa nane na dakika arubaini. Kitabu cha wageni kimeandika, kwa mkono wangu."

"Lakini ulisafisha. Tiki iko hapa, naiona."

"Nilisafisha chuma. Fomu haiulizi nta. Wala mimi sikuwahi kujiuliza."

Lila alivuta pumzi. Aliposema tena, haraka ilikuwa imemtoka sautini. "Unajua hii maana yake nini? Si hapo tu. Kila mahali ulipoenda na hiyo nta."

"Maeneo arubaini na moja, tangu mwezi wa nne. Nimeanza kuyaorodhesha."

"Watakusimamisha. Leo."

"Waambie wanisubiri nimalize orodha."

"Mwana..." Lila alisema. Saa kumi ikagonga huko ofisini, au labda ilikuwa mlango. Simu ikakatika.

Philippe alikuwa amewasha jiko la gesi, kwa mazoea, kama mtu mwingine anavyobandika chai. Moto wa buluu ulivuma katikati yao. Alitazama nta.

"Niichome?"

"Hapana. Huo ni ushahidi."

Mwanabaraka aliitia nta ndani ya mfuko wa plastiki, na kekee ndani ya mwingine. Lebo ilikuwa na mistari mitatu. *Kitu.* Aliandika. *Mahali kilipokutwa.* Aliandika. *Mwenyewe.* Hapo kalamu ilikataa, wino umelowa mvua. Philippe akampa ya kwake. Aliandika majina yake yote matatu, la baba na la babu, kwa mwandiko ulioegemea kulia.

"Baba yako," aliuliza bila kuinua kichwa, "siku ile alipokaa chini. Alisema nini?"

Philippe alipunguza moto wa jiko.

"Alikaa mpaka jua ikazama. Halafu akasema: kesho tutapanda maharage."

Nje, Bharti alikuwa amegonga dirisha tena kwa pete yake. Alikuwa akiuelekezea kidole mti wa nne, uliobaki bila shuka, gome jipya linalowa.

"Nenda ukaufunge," Mwanabaraka alisema. "Jumatatu nenda kwenye siku yako. Mimi jina lako sijaliandika popote ila kwenye ushahidi. Na kesho asubuhi atakuja mkaguzi mwingine, si mimi. Atakuwa na mkoba kama huu. Kabla hajagusa mti wowote, msimamishe pale langoni, umuulize."

"Nimuulize nini, mama?"

"Ulichoniuliza mimi kuhusu nta."

Philippe alichukua ndoo ya udongo na vipande vya mashuka, akatoka. Mwanabaraka aliufikisha mkono ukingoni mwa meza, akajaribu kuinuka.